Mkao na Kiti

Katika ukumbi wa yoga uliofunguliwa mjini Pune, magharibi ya India, mwezi wa Januari 1975, kuna chombo ambacho mgeni hukipita bila ya kukitazama mara mbili. Ni kiti cha chuma cha kukunjwa, cha namna ileile inayokodishwa kwa arusi na matanga, ila kimeondolewa ubao wa kuegemea, ikabaki fremu tupu. Mtu huketi ameuelekea mgongo wa kiti, akapitisha miguu katika uwazi ule, akashika fremu kwa mikono miwili, kisha akaulaza mgongo wake juu ya kikalio taratibu, mpaka kichwa kikaning'inia upande wa pili. Asiyeweza kuinama hadi sakafuni huinama hadi kwenye kiti. Asiyeweza kusimama huanza akiwa amekaa. Kando yake zipo kamba zilizofungwa ukutani, matofali ya mbao, mikanda ya pamba, mablanketi yaliyokunjwa na matakia marefu yaliyoshindiliwa. Asiyejua angedhani ameingia karakana ya seremala iliyochanganyika na chumba cha wageni.

Aliyeuanzisha ukumbi huo, B. K. S. Iyengar, alizaliwa tarehe 14 Desemba 1918 katika kijiji cha Bellur, kusini ya India, wakati homa ya mafua iliyoua mamilioni duniani ilipokuwa imempata mama yake mwenyewe. Alikuwa mtoto wa 11 kati ya 13. Utoto wake ulipita kitandani zaidi kuliko uwanjani: malaria, homa ya matumbo, kifua kikuu. Baba alifariki mtoto akiwa na miaka 9. Kwa maelezo aliyoyatoa baadaye, mikono ilikuwa myembamba, tumbo limetokeza, na kichwa kilikuwa kizito kuliko shingo iliyokibeba. Mwaka 1934 alikwenda kukaa na shemeji yake, Krishnamacharya, aliyekuwa akifundisha yoga katika kasri ya mfalme wa Mysore. Mwalimu huyo alimtazama kijana na hakumtarajia kitu. Lau darasa lile lingekuwa na mlango wa kuwachuja waingiao, Iyengar angelikuwa wa kwanza kurudishwa.

Yafaa kulikumbuka hilo, maana yoga ilivyoenea duniani katika nusu karne iliyopita imeenea kwa picha, na picha humkumbusha mtu mambo mengine. Mwaka 1966 Iyengar alitoa kitabu chake mashuhuri, *Light on Yoga*, kilichotiwa picha takriban 600. Ndani yake anaonekana mwanamume mmoja, nusu uchi, peke yake, akifanya kwa mwili wake mambo ambayo kamba ya katani isingekubali kufanyiwa. Kila mkao umepewa namba ya ugumu, kuanzia 1 mpaka 60, na msomaji aliye mbali na Pune, asiye na mwalimu wala jirani wa kumuuliza, hukifunua kitabu na kuona ngazi. Yeye yuko chini. Yule wa pichani yuko juu. Kilichotoka Pune kwenda ulimwenguni ni picha. Kiti kilibaki ukumbini.

Si kwamba Iyengar alikificha. Alipopelekwa Pune mwaka 1937, kijana wa miaka 18 asiyekijua Kimarathi, alifundisha watu waliomzidi umri na elimu, na miongoni mwao wagonjwa na wazee ambao viungo vyao havikuwa tayari kutii kitabu chochote. Alianza kuokota alichokipata, tofali, ubao, kamba, ili mkono usiofika sakafuni ukutane na kitu njiani. Baadaye, akiwa Ulaya, alimfundisha Malkia Elisabeth wa Ubelgiji kusimama kwa kichwa, naye bibi huyo alikuwa amekwisha kupita miaka 80. Na London, mwishoni mwa miaka ya 1960, mamlaka ya elimu ya mji ilipoikubali yoga katika madarasa ya jioni ya watu wazima, iliupokea mtindo wake kwa sharti la kufundishwa kama mazoezi ya mwili. Sharti hilo liliwaudhi baadhi ya watu, na huenda walikuwa na haki ya kuudhika. Lakini kwa sababu yake karani na muuguzi wa London waliweza kuingia darasani kwa ada ya masomo ya jioni, badala ya bei ya mwalimu wa matajiri.

Neno lenyewe nalo lina la kusema. Kila mkao wa yoga huitwa *asana*, na katika Kisanskriti shina la neno hilo ni kukaa. Asana, kwa asili yake, ni kikao: mahali pa kukalia na namna ya kukaa. Mfasiri wa Kiswahili hana haja ya kuhangaika wala kukimbilia "pozi", neno la wapiga picha. Lugha imemwekea tayari *mkao*, lenye maana zote mbili, na lenye shina linalozaa pia *makao* na *makazi*. Patanjali, ambaye mafundisho yake ya yoga ndiyo yanayorejewa zaidi, aliutaka mkao uwe na mambo mawili tu, uthabiti na raha. Hakutaja kugusa vidole vya miguu. Kwa hiyo anayesema kwamba kukaa kitini si yoga, bali ni kitulizo cha wasiojiweza, amelisahau neno analolitumia.

Basi nini humtoa mtu nje ya darasa, hata pale mlango ulipo wazi? Kisa cha Matthew Sanford, mtu wa Minnesota huko Marekani, chajibu sehemu kubwa ya swali hili.

Mwezi wa Novemba 1978, Sanford akiwa na miaka 13, gari ya familia yao iliteleza juu ya barafu na kupinduka. Baba yake na dada yake walikufa. Yeye alivunjika uti wa mgongo, akapooza kuanzia kifuani kwenda chini. Ameeleza katika kumbukumbu zake, *Waking*, za mwaka 2006, jinsi alivyowaambia madaktari kwamba anahisi kitu miguuni, si kama zamani, bali mvumo fulani, uwepo fulani, na jinsi alivyojibiwa kwamba hayo ni mazigazi ya mishipa. Ushauri aliopewa ulikuwa wa nia njema: aijenge mikono na mabega, awe na nguvu juu, na sehemu ya chini aiburute. Kwa miaka 12 aliufuata. Alijifunza kuishi katika theluthi ya mwili wake.

Alipofika miaka 25 alikwenda kwa mwalimu wa yoga, Jo Zukovich, aliyefuata njia ya Iyengar. Hapo mwalimu angeweza kusema neno la huruma na kumrudisha nyumbani. Angeweza pia kusema karibu, kisha akamwacha ukutani na kiti chake cha magurudumu, akizungushazungusha mikono huku wenzake wakifanya somo lenyewe. Makaribisho ya namna hii ni mengi, na aghalabu anayeyatoa hulala usingizi mzuri usiku. Lakini Sanford alishushwa sakafuni na miguu yake ikapanuliwa, huku na huku, katika mkao wa kukaa ambao mtoto yeyote hukaa akicheza. Miguu yake ilikuwa haijakaa hivyo tangu ajali. Amesimulia kwamba machozi yalikaribia kumtoka. Hakuna neva iliyopona siku ile, na Sanford hakuwahi kudai kwamba yoga imemtembeza. Alichokipata ni kwamba theluthi mbili zilizosahauliwa zilihesabiwa tena kuwa zake.

Baada ya miaka ya kujifunza, Sanford mwenyewe akawa mwalimu. Huwafundisha wanaotembea na wasiotembea, na fundisho lake kuu ni kwamba kanuni za mkao hazibagui. Kuutandaza uzito chini, kuuinua uti wa mgongo, kujua mwili unaanzia wapi na unaishia wapi: hayo hayamuulizi mtu kama ana miguu inayotii. Kinachobagua ni umbo la nje. Mwalimu anayelifundisha umbo atawapoteza wengi. Anayekifundisha kile ambacho umbo liliundwa kukitafuta, ataona kwamba kwa mtu mmoja hupatikana akiwa amesimama na kwa mwingine akiwa amelala chali kitandani.

Hapa inafaa kuliangalia jambo dogo la utaratibu, ambalo kwa kweli si dogo. Mwalimu mwenye huruma anapomwona mwanafunzi mzee ameshindwa kushuka chini, hukimbia stoo kumletea kiti. Darasa zima husimama. Kiti hukokotwa juu ya sakafu kwa mlio, kila mtu akatazama kinakokwenda. Mzee hukaa, akashukuru, na wiki ijayo haonekani. Mwalimu mwingine huviweka viti vyote ukumbini kabla ya mtu wa kwanza kuvua viatu, akaanza somo kwa kuwataka wote wakae: kijana wa kucheza mpira, mama mjamzito, bibi mwenye baridi yabisi. Baadaye atakayetaka hushuka mkekani, asiyetaka hubaki juu, wala hakuna anayejua nani alikuwa na sababu na nani alipenda tu. Viti ni vilevile na gharama ni ileile. Katika darasa la kwanza kiti kilikuwa alama ya mtu. Katika la pili ni samani.

Na kama viti, ndivyo yalivyo maneno. Walimu wengi huutaja kwanza mkao mgumu, wakauita "kamili", kisha wakashuka ngazi kwa ngazi mpaka ule wa mwisho, "kwa wasioweza". Ukamilifu ukishapewa mmoja, waliobaki wamekwisha kuwa pungufu kabla ya kunyanyua kidole. Kuna waliojirekebisha kwa kuanza chini: huutaja mkao wa kitini kwanza, bila ya kuupa jina la upungufu, kisha wakaeleza njia nyingine kwa atakaye kuzijaribu. Ni mpangilio tu wa sentensi, na washairi hawahitaji kuambiwa kazi ya mpangilio.

Kiswahili kina vitendea kazi vyake katika jambo hili, na kina madoa yake. Doa moja linajulikana: kiwete, kipofu, kiziwi, kibogoyo, majina ya watu yaliyotupwa katika ngeli ya viti na vijiti. Hata hivyo kitenzi kina adabu kuliko jina. Husemwa kipofu *anaingia*. Hakuna asemaye kipofu kinaingia. Sarufi yenyewe humrudishia mtu utu wake neno moja baada ya kumnyang'anya. Ama kuhusu vitendea kazi, mwalimu wa Kiswahili ana njia nyingi za kumwomba mtu anyanyue mkono. *Nyanyua* ni amri. *Unyanyue* imelainika. *Tunyanyue* imemweka mwalimu ndani ya kazi. *Ukipenda, unyanyue* imeuacha mlango wazi pande zote mbili, wa kuingia na wa kutoka.

Tofauti hizo si mapambo ya usemi. Huko Massachusetts, kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000, David Emerson na wenzake walitengeneza namna ya kuwafundisha yoga watu waliopatwa na mateso, wengi wao wanawake waliopigwa au kunajisiwa. Waligundua kwamba karibu kila desturi ya darasa la kawaida ilikuwa mwiba kwao: mwalimu anayepita nyuma ya mgongo, mkono unaomgusa mtu bila ya ruhusa kumsahihisha, taa zinazozimwa, agizo la kufumba macho, sauti ya amri. Waliyaondoa yote hayo. Mwalimu hakai nyuma ya mtu, hamgusi, hamwambii afumbe macho. Humpa hiari katika kila tendo, hata tendo dogo la kuinua bega, kwa sababu mtu aliyenyang'anywa hiari ya mwili wake anahitaji kwanza kurudishiwa hiyo. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowahusu wanawake 64 ambao matibabu ya miaka hayakuwafaa vya kutosha. Baada ya wiki 10, kati ya 31 waliofanya yoga hiyo, 16 hawakuwa tena na kiwango cha dalili kinachohesabiwa kuwa ugonjwa. Kati ya 29 waliopewa masomo ya afya badala yake, walikuwa 6.

Uadilifu wadai isemwe pia kwamba Iyengar mwenyewe asingefaulu mtihani wa Emerson. Alikuwa mkali. Alipiga kelele, aliwapiga wanafunzi makofi mgongoni na mapajani, hata wanafunzi wake wa nchi za magharibi wakazifanyia mzaha herufi tatu za mwanzo wa jina lake, wakidai kwamba zasimamia vipigo. Wapo waliomtetea kwamba ukali wake ulikuwa wa fundi anayeliamsha goti lililolala. Wapo walioondoka. Mtu yuleyule aliyeukata mgongo wa kiti ili mgonjwa apate pa kujilaza, aliunyanyua mkono juu ya mgongo wa mwenye afya. Mambo mawili haya hayapatani, na si kazi ya insha kuyapatanisha kwa nguvu. Inatosha kuona kwamba mlango mmoja aliufungua kwa vyombo, na mwingine, wa maneno na mkono, ulisubiri watu wengine.

Upo na mlango wa tatu, ambao msomaji wa pwani huenda amekuwa akiungojea. Mwezi wa Novemba 2008 Baraza la Taifa la Fatwa la Malaysia lilitangaza kwamba yoga ni haramu kwa Waislamu. Siku chache baadaye Waziri Mkuu wa wakati ule, Abdullah Badawi, akaeleza kwamba mazoezi ya mwili yasiyo na visomo hayazuiwi. Baraza la maulamaa la Indonesia nalo, mwezi wa Januari 2009, lilikataza yoga yenye visomo na ibada, likaacha ile iliyo mazoezi tu. Na mwezi wa Novemba 2017 Saudi Arabia iliiruhusu rasmi kama mchezo. Mwalimu anayesema kwamba darasa lake ni la wote, kisha akalifungua na kulifunga kwa kisomo cha Kisanskriti na kuwataka wote waunganishe viganja na kuinamisha vichwa, amewaweka baadhi ya wageni wake katika njia panda, nao kwa heshima hawatasema kitu. Hawatarudi tu. Si lazima akiache kilicho chake. Akieleze kabla, akipe nafasi yake, na amwache mtu akae kimya bila ya kutazamwa. Wanawake wanaotaka ukumbi wao wenyewe, wenye pazia, nao hawajaomba jambo la ajabu.

Yoga si sala, wala hapa hayalinganishwi. Lakini kuhusu mwili usioweza, watu wa pwani wanayo elimu ya zamani wanayoitumia kila siku bila ya kuipa jina. Sahaba Imran bin Husain, aliyekuwa na maradhi ya bawasiri, alipomuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu sala yake, alielekezwa kwamba aswali amesimama, asipoweza, akae, asipoweza, alale ubavu. Mwenye udhuru hahesabiwi kuwa amepunguza kitu. Leo viti vya plastiki vipo ndani ya misikiti mingi, na mzee mwenye magoti mabovu hukaa katika safu ileile, bega kwa bega na mjukuu wake anayesujudu. Hakuna anayeziita sala hizo mbili ngumu na nyepesi.

Wakati huohuo, katika hoteli za pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, yoga hutangazwa kwa wageni, na picha za matangazo zinafanana: alfajiri, bahari, mwanamke mwembamba juu ya mguu mmoja. Mchanga ule mweupe unaopendeza pichani ni adui wa kiti cha magurudumu. Bei hutajwa kwa dola na somo huendeshwa kwa Kiingereza. Anayefagia jukwaa la mbao kabla ya somo, ambaye mgongo wake una haja ya kunyooshwa kuliko wa mgeni yeyote, huondoka na fagio lake mikeka inapotandikwa. Haiwi lazima iwe hivyo. Nairobi, mradi uitwao Africa Yoga Project, ulioanzishwa mwaka 2007, umewafundisha vijana wa mitaa yenye shida wakawa walimu, nao wakaipeleka yoga mashuleni na kwenye kumbi za mitaa yao, kwa lugha za mitaa hiyo. Gharama haikuwa ya bahari wala ya jukwaa.

Iyengar aliishi mpaka tarehe 20 Agosti 2014, akafariki Pune akiwa na miaka 95. Katika miaka yake ya mwisho alikuwa bado akifanya mazoezi kila siku ndani ya ukumbi ule, pamoja na wanafunzi wa kawaida, kwenye pembe yake. Yule mwanamume wa picha 600 hakuwa tena na mwili wa pichani. Alijilaza juu ya benchi la mbao lililopinda, akatumia kamba, akaegemeza kichwa juu ya takia, na kubaki hivyo muda mrefu, macho yamefumba, wengine wakipita na mablanketi yao mikononi kutafuta nafasi. Pembeni viti vya chuma vilikuwa vimekunjwa, vimepangwa ukutani, vikingoja darasa la jioni.